Unataka kupima mbadala wa rada ya kuzunguka? Anza na mapengo

Watu wengi wakifunga risiva ya ADS-B (matangazo ya redio ambayo ndege inataja iliko) wakaona ramani imejaa ndege wanasema basi, rada ya kuzunguka imeisha kazi. Hapo bado hujapima kitu. Rada inaitafuta ndege yenyewe, ila kwenye ADS-B ndege ndo inajitaja, inajua iko wapi kwa GPS alafu inatangaza kwenye 1090 MHz kama mara 2 kwa sekunde, na GPS yake ikivurugwa ramani yako itachora huo huo uongo vizuri tu.

Vifaa ni vichache: RTL-SDR (kifaa kidogo cha USB cha kupokea redio), kompyuta ndogo, programu ya kusoma ujumbe wa ndege kama dump1090, na antena. Antena unaweza kutengeneza mwenyewe kwa waya wa sentimita 6.9 uliosimama wima, hiyo ni robo ya wimbi, pima kwa rula usikisie. Iweke juu kabisa. Ndege ya mita 10,000 inaweza kusikika hadi karibu km 400 lakini ukuta mmoja unakuzibia upande mzima.

Sasa rekodi siku nzima, na usihesabu ndege, hesabu mapengo, yaani muda kati ya pozisheni moja na inayofuata ya ndege ile ile. Rada ya karibu na uwanja inamaliza mzunguko kwa kama sekunde 5, ya masafa marefu kama 12, na kwa sekunde hizo 12 ndege inayokimbia mita 250 kwa sekunde ishasogea km 3. Hicho ndo kiwango unachotakiwa kukishinda. Gawa anga vipande vya digrii 10, alafu tenga ndege za juu na za chini, uone kila kipande kina mapengo mangapi yaliyozidi sekunde 5. Wastani wa anga nzima utakudanganya, manake kipande kimoja kilichokufa nyuma ya tangi la maji kinamezwa na vingine 35 vizuri.

Hatua inayofuata ni kuihakiki ndege bila kuuliza GPS yake, hapa unahitaji MLAT, yaani kutafuta ndege ilipo kwa tofauti za muda: risiva 4 au zaidi, mbalimbali, zisikae kwenye mstari mmoja, kila moja inaandika saa iliyopokea ujumbe, na tofauti za hizo saa ndo zinaonyesha ndege ilipo. Kosa la maikrosekunde 1 tu ni mita 300 za njia ya wimbi. Kuna mtego ambao wengi hawauoni: programu nyingi zinalinganisha saa za risiva kwa kutumia ndege zenye ADS-B, kwa hiyo kama GPS imevurugwa eneo zima unaihakiki GPS kwa GPS. Angalau itoe ndege unayoipima kwenye hesabu ya saa.

Na transponda, redio ya ndege inayorusha huo ujumbe, ikizimwa? Hapo ADS-B na MLAT zote kimya, wakati rada ya msingi, ile inayorusha mawimbi na kusikiliza yakigonga ndege na kurudi, bado inapata mwangwi. Mbadala wake ni rada isiyorusha mawimbi, inayosikiliza mwangwi wa redio za FM au TV, antena moja inaelekea mnara na nyingine angani. Ijaribu kwa ndege ambazo ADS-B yake umeshaihakiki, uone inazipata ngapi.

Kote huku unapokea tu. Usirushe chochote kwenye 1030 MHz (rada inapoiulizia transponda) wala 1090 MHz (transponda inapojibu) hata kwa sekunde moja, kuna watu wako angani wanategemea hayo masafa.