Kampuni yako ya udalali inakuletea wateja, au inakula kamisheni tu?

Mwenye nyumba akitafuta dalali huuliza mambo mawili: wewe ni nani, na uko na nani. La kwanza unalijibu mwenyewe. La pili hujibiwa na kampuni unayofanyia kazi, mara nyingine hata kabla hujabisha hodi. Hatua zifuatazo ni za kupima jibu hilo la pili lina thamani gani kwako, kisha kulitumia unapozungumza na mteja. Andaa orodha ya wateja wako 20 wa mwisho, mkataba wako na kampuni, na simu.

Hatua ya 1: Wachambue wateja 20

Chora jedwali la safu tatu: alinipataje, nani alipokea simu yake ya kwanza, na je, angenipata hata kama ningekuwa kwenye kampuni nyingine? Kazi yote iko kwenye safu ya tatu. Aliyeelekezwa kwako na jirani uliyemuuzia nyumba: ndiyo. Aliyepiga namba ya ofisi akapewa dalali aliyekuwa zamu: hapana. Aliyeona bango kwenye nyumba uliyoitafuta mwenyewe: nusu, maana rangi za bango ni za kampuni lakini nyumba uliileta wewe. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanaipa kampuni yote.

Ukimaliza, angalia ni watu wa aina gani wamekaa upande wa "hapana". Jina kubwa huwavuta zaidi wale wasio na wa kumuuliza: anayeuza akiwa mbali, kampuni inayowatafutia wafanyakazi wake makazi, warithi wanaouza nyumba ya marehemu. Warithi hasa. Kila mmoja anamshuku dalali aliyeletwa na ndugu yake, kwa hiyo kampuni ambayo wote wanaijua huwa ndiyo pekee wanayokubaliana. Ukikuta wateja wa namna hiyo ni wachache kwenye orodha yako, jina unalolilipia halikusaidii sana.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mgao

Usiangalie asilimia peke yake. Chukua nyumba ya bei 100, kamisheni asilimia 3. Mgao wa 70 kwa 30, yaani 70 zako na 30 za kampuni, unakuachia 2.1. Kama kampuni inatumia jina la mtandao mkubwa wa kampuni za udalali na inakata ada ya jina asilimia 6 kabla ya kugawana, kinachogawanywa ni 2.82, na wewe unabaki na 1.974. Mteja aliyeletwa na kampuni, ambaye kwa kawaida mgao wake ni mdogo, tuseme nusu kwa nusu, atakupa 1.5 bila ada hiyo.

Sasa linganisha na kampuni inayokupa 90 kwa 10: unapata 2.7 kwa kila nyumba. Inavutia. Lakini mauzo 12 ya mgao wa 70 ni 25.2, na mauzo 9 ya mgao wa 90 ni 24.3. Ukipoteza wateja watatu tu kati ya 12 kwa sababu jina limepungua, umeshapata hasara, na bado hujamlipa mpiga picha wala tangazo. Wateja hao watatu wapo au hawapo? Rudi kwenye jedwali la hatua ya 1.

Hatua ya 3: Ipigie simu kampuni yako kama mteja

Mwombe mtu ambaye sauti yake haijulikani ofisini apige mara tatu: asubuhi siku ya kazi, saa ya chakula cha mchana, na Jumamosi alasiri. Aulizie nyumba yako, kwa kutaja mtaa bila kutaja jina lako. Aandike simu iliita mara ngapi, aliyepokea aliijua nyumba au la, na mwishowe alipelekwa kwa nani.

Kinachoharibika mara nyingi si simu kutopokelewa. Ni mteja wako kupewa mwenzako aliyekuwa karibu na meza ya mapokezi. Likitokea, dai utaratibu ulioandikwa: anayeulizia nyumba apelekwe kwanza kwa dalali wa nyumba hiyo, na asipopatikana ndani ya dakika 15 ndipo apewe mwingine.

Hatua ya 4: Igeuze kampuni iwe kitu anachokiona mteja

"Sisi ni kampuni kubwa" haimwambii mwenye nyumba chochote. Kabla ya kwenda kwake, andika majibu ya maswali manne: nani anapiga picha na zinatoka baada ya siku ngapi, tangazo linakwenda wapi, nikiumwa nani anaonyesha nyumba, na malipo ya awali ya mnunuzi yanakaa kwenye akaunti ya nani. Usipoweza kujibu moja, kaulize ofisini kwanza.

Kama uko kampuni ndogo, utakutana na hili:

"Mbona nisiwape wale wenye mabango kila kona?"

"Ni wazuri, mama. Waulize tu jambo moja: mnunuzi akipiga simu Jumamosi, nani atakuja kumfungulia? Kwetu ni mimi, na nikikwama, mkurugenzi mwenyewe ana ufunguo. Namba yake hii hapa."

Jibu hili lina nguvu kwa sababu halimsengenyi mshindani na linaweza kuthibitishwa papo hapo. Ila mkurugenzi awe anajua kwamba umetoa namba yake.

Kampuni kubwa nayo ina swali lake gumu: mnunuzi na muuzaji wanaweza kuwa wateja wa ofisi moja. Litaje wewe mwenyewe kabla ya mteja, na eleza nani ataruhusiwa kujua bei ya chini kabisa ambayo muuzaji yuko tayari kuikubali. Akija kuligundua baadaye, ataona ulimficha.

Hatua ya 5: Soma mkataba wako kabla ya kufikiria kuhama

Katika nchi nyingi mkataba wa kumpa dalali nyumba auze ni kati ya mwenye nyumba na kampuni, si wewe. Ukiondoka, nyumba inabaki. Tafuta vifungu vinavyogusa mambo matatu: nyumba ambazo hazijauzwa, orodha ya wateja, na namba ya simu iliyo kwenye mabango. Namba ndiyo husahaulika. Ikiwa ni laini ya kampuni, miaka yote ya matangazo inabaki nao, hivyo anza mapema kutumia namba yako pale mkataba unaporuhusu.

Ukiamua kuhama, fuata mpangilio huu: kubaliana kwa maandishi kuhusu mauzo yaliyo njiani, hamisha leseni pale inaposajiliwa chini ya kampuni, badilisha kadi na matangazo yote, ndipo uwajulishe wateja. Anayeanza na kuwajulisha wateja hujikuta akijitangaza kwa jina la kampuni mpya huku leseni yake bado iko kwenye ile ya zamani, na mwenye kampuni ya zamani ndiye atakayekuwa wa kwanza kulalamika kwa mamlaka.