Katiba mbili, daftari moja

Walimu wenzangu wa skuli, mkifika kwenye mada ya katiba msianze na ibara. Watoto wetu wa Zanzibar wanaishi chini ya katiba mbili, ya Muungano ya 1977 na ya Zanzibar ya 1984, na mwanafunzi asipojua ipi inashika nini atakariri tu.

Mwambie apige mstari katikati ya daftari: Muungano huku, Zanzibar huku. Kisha taja vitu anavyoviona kila siku: noti ya shilingi elfu, polisi, pasipoti, skuli yake, karafuu za babu yake, bandari ya Mkoani, Pemba. Wapange wenyewe kwanza, ndipo mfungue Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Muungano, yenye orodha ya mambo 22 ya Muungano.

Bandari ndiyo itakayowasha darasa. Imo kwenye orodha, na huku inaendeshwa na Shirika la Bandari la Zanzibar. Waacheni wabishane, tena kwa muda wa kutosha, na kila mmoja aoneshe mstari wa katiba anaouegemea. Wakubwa kidogo waongezeeni marekebisho ya 2010 ya Katiba ya Zanzibar yaliyoleta Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wazee wao majumbani wanayakumbuka, wakawaulize.