Jinsi ya kutochanganya watu wa historia wenye jina moja, hasa hawa wa kwetu Tanga

Jamani, kwenye magrupu ya wasapu ya watu wa Tanga haipiti muda mtu hajatuma habari ya mzee fulani wa zamani, picha ya kilemba na jambia, maelezo marefu, watu wanaandika mashallah mashallah, na ukisoma vizuri unakuta ni watu wawili au hata watatu wamebanwa kwenye jina moja. Kazi ya huyu kapewa yule, miaka ya babu kapewa mjukuu. Hii inaniuma kweli, maana wazee waliotuandikia mambo ya pwani hii ni wachache, na wengine hata jina lao lenyewe linapotea kwa sababu limefanana na la mwingine. Kwaiyo naandika hapa ninavyofanya mimi, kama wewe ni mwanafunzi au unaandika tu historia ya ukoo wenu unaweza ukafanya hivihivi.

Cha kwanza kabisa, ukikutana na jina usikimbilie kuandika. Chukua karatasi, andika jina lake, jina la baba (na la babu kama lipo), ukoo au nisba (lile jina la mwisho linaloonyesha ukoo au asili yake), mahali alipokaa, miaka yake, na kitu alichofanya. Nafasi ambayo hujui iache wazi usiijaze kwa kubahatisha. Kama una jina na baba peke yake ujue bado hujampata mtu, una nusu yake.

Mfano mzuri kuliko yote tunao hapahapa kwetu. Kuna Hemedi bin Abdallah na kuna Abdallah bin Hemedi. Wote wawili waliandika kwa Kiswahili, wote habari zao ni za upande huu wa Tanga, wote ni wa zama zilezile za Wajerumani kuingia, na wengi wanawachanganya au wanadhani mmoja ni baba wa mwenzie. Si baba na mwana hawa. Wa kwanza ni Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, huyu ni mshairi, ndo aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima (Wadachi ni Wajerumani, Mrima ni pwani yetu hii), ile vita ya 1888 na 1889 ambayo Abushiri aliongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani. Wa pili ni Abdallah bin Hemedi el-Ajjemy, huyu kaandika Habari za Wakilindi, kwa nathari sio mashairi, habari za Mbegha na watawala wa Usambara waliotoka kwake. Sasa angalia karatasi yako: jina na baba vimegeuzwa tu, ukiandika kwa haraka vinapinduka, lakini nisba haipinduki. Buhriy ni Buhriy na Ajjemy ni Ajjemy. Nisba ndo inayokuokoa, kwaiyo mtu akikutajia "Abdallah bin Hemedi" muulize hapohapo, yupi, wa ukoo gani.

Na hapo usisimame, kwa sababu yupo pia Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, kadhi, aliyeandika vitabu vya nikahi na mirathi. Huyu ndo mtoto wa yule mshairi. Ukiona "el-Buhriy" peke yake kwenye tanbihi ya kitabu, tazama mada, kama ni utenzi wa vita ni baba, kama ni fikihi ya ndoa na urithi ni mwana.

Kuna mtego mwingine humohumo. Utenzi ule na Habari za Wakilindi vyote vilipita kwenye mikono ya mhariri mmoja Mzungu, J. W. T. Allen, kwaiyo ukimtafuta Allen kwenye simu majina ya wazee wetu wote wawili yanakuja pamoja na ndo mchanganyiko unapozidi. Alafu huyo Allen naye si James de Vere Allen, yule aliyekuwa Lamu na akaandika juu ya asili ya Waswahili. Allen wawili, pwani moja, fani karibu moja. Fanya nao vilevile, andika jina lote.

Kwa nini majina yanageuka hivi? Kwetu mtoto wa kiume mara nyingi anapewa jina la babu yake, ndo maana ukoo mmoja unaenda Salim bin Ali, Ali bin Salim, Salim bin Ali mpaka unachoka. Na sio zamani tu. Rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, aliyeuawa 1972, na mwanawe aliyekuwa rais wa Zanzibar kuanzia 2000 mpaka 2010 ni Amani Abeid Karume. Umeona? Amani ni babu karudi kwa mjukuu. Na hapo watu wanamwongeza mtu wa tatu asiyehusika kabisa, Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi na waziri aliyefariki 1964, ambaye uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Nimesoma mara nyingi watu wanaandika uwanja ule ni wa Karume. Sio. Amri na Amani ni majina mawili tofauti, na hao watu ni wawili tofauti.

Sasa masultani wa Zanzibar, ambao huwezi kuandika historia ya Tanga, Pangani wala Bagamoyo bila kuwataja. Hapa nakaa kidogo maana makosa ni mengi.

Anza na Said bin Sultan, aliyetawala 1806 mpaka 1856. Wengi wanasoma "bin Sultan" wanadhani maana yake mtoto wa mfalme. Hapana, Sultan ni jina la baba yake, Sultan bin Ahmad. Majid, Barghash, Khalifa na Ali waliotawala Zanzibar baada yake mmoja baada ya mwingine wote ni "bin Said", yaani ndugu, watoto wa baba mmoja. Ukishajua hilo mlolongo unakaa sawa kichwani. Hata Bibi Salme aliyekwenda Ujerumani na kujiita Emily Ruete ni bint Said huyohuyo, dada yao.

Alafu kuna Khalifa wawili na hapo pia watu wanafikiri Khalifa ni cheo, kumbe ni jina. Khalifa bin Said alikaa muda mfupi tu, 1888 mpaka 1890, na ndo huyu aliyewakodisha Wajerumani pwani yetu mwezi wa 4 mwaka 1888, jambo lililowasha moto Pangani mwaka uleule. Khalifa bin Harub ni mwingine kabisa, alitawala kuanzia 1911 mpaka 1960, karibu miaka 49, na bado wako wazee wanaomkumbuka. Siku moja utaona mtu kaandika kwamba sultani Khalifa aliyekufa 1960 ndo aliyeuza Mrima kwa Wajerumani, na hiyo ni kumsingizia mtu. Na Ali ni wawili pia, Ali bin Said (1890 mpaka 1893) na Ali bin Hamoud (1902 mpaka 1911). Ukisoma "Sultan Ali" bila baba, tafuta mwaka wa barua kwanza ndo uamue.

Wazungu wao wanawapa wafalme namba na hiyo inasaidia, ila wanaoandika kwa Kiswahili mara nyingi wanaitupa namba. "Kaisari Wilhelm" yupi? Ile hati ya ulinzi aliyopewa Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao huku, mwezi wa 2 mwaka 1885 ilitolewa na Wilhelm wa Kwanza. Huyo akafa mwezi wa 3 mwaka 1888, mwezi uleule aliokufa Barghash, akaja Friedrich aliyekaa siku 99 tu akafa naye, ndo akaingia Wilhelm wa Pili. Kwaiyo vita vya Abushiri na hata vile vya Tanga vya mwezi wa 11 mwaka 1914 ni zama za Wilhelm wa Pili. Hali kadhalika maktaba yetu ya mkoa pale mjini, ilijengwa kwa kumbukumbu ya King George wa Sita, aliyefariki 1952, sio wa Tano baba yake aliyefariki 1936. Namba moja ukiikosea umeruka kizazi kizima.

Tukipanda milimani, Usambara, kuna Kimweri. Jina hili limerudiwa kwenye ukoo wa Wakilindi mpaka watu wa mbali wanadhani ni cheo cha mfalme. Mkubwa anayetajwa sana ni Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmishenari Krapf alimtembelea Vugha, mji mkuu wao, 1848 na tena 1852. Yule wa baadae, aliyewekwa na baba yake Semboja, ni Kimweri Maguvu. Kwaiyo kanuni yangu rahisi: habari ikiwa ya kabla ya miaka ya 1860 ni ye Nyumbai, na kama Semboja yumo kama baba wa mfalme ujue ni Maguvu. Lakabu, yaani jina la kupachikwa kama ye Nyumbai au Maguvu, hapa inafanya kazi ya nisba, usiikate unapoandika.

Na kuna mahali ambapo hata jina la pili halikusaidii, mahali tu ndo panakusaidia. Katika fitina za Wamazrui za 1895 kule jirani zetu Kenya walikuwepo Mbaruk wa Gazi na Mbaruk wa Takaungu, ukoo mmoja, jina moja, vita moja. Hapo andika "wa Gazi" kila mara unapomtaja, hata kama msomaji ataona unarudia. Bora arudiwe kuliko apotezwe.

Sasa miaka. Maandishi yetu mengi yana hijria na hapo watu wanakwama. Zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97 alafu ongeza 622, unapata mwaka wa miladi kwa makadirio mazuri tu. Ule utenzi wa Hemedi umewekewa mwaka 1307. Piga: 1307 mara 0.97 ni kama 1267.8, ongeza 622 inakuja 1889 na kitu. Na Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 1889, kwaiyo inaingia palepale. Ukipiga hesabu ukapata miaka 60 pembeni basi umeshika mtu mwingine mwenye jina hilo, rudi kwenye karatasi.

Kwenye simu ukitafuta usiandike jina kwa tahajia moja. Mtu mmoja ni Abushiri, Bushiri, na kwenye karatasi za Kijerumani ni Buschiri. Bwana Heri wa Saadani utamkuta kama Bana Heri, Semboja ni Sembodja, na Hemedi anakuwa Hamed, Hemed, Hamid. Weka jina ndani ya alama za kunukuu, ongeza mji, ongeza mwaka. Picha usiiamini kwa maelezo ya chini yake, tafuta imetoka kitabu gani au makumbusho gani. Na jina la kizungu lisikutishe wala lisikudanganye: Shaaban Robert aliyezaliwa Vibambani hapa Tanga 1909 ni Shaaban, na Robert ni jina la baba, kwaiyo kwenye maktaba mtafute kwenye S na kwenye R, kote. Kuna wengine jina si lao la kuzaliwa kabisa, kama Stanley aliyeanzia safari zake Bagamoyo 1871, alizaliwa Wales akiitwa John Rowlands na jina Stanley alilichukua kwa mfanyabiashara wa New Orleans.

Kwa waliosoma chuoni, yaani madrasa, hii habari si ngeni, maana masheikh wameshaitatua zamani. Ibn Hajar wako wawili, wote wanaitwa Ahmad, wote Shafii, wote tunavisoma vitabu vyao: al-Asqalani aliyefariki 852 hijria, wa Fat-hul Bari, na al-Haytami aliyefariki 974, wa Tuhfa. Ibn Rushd ndo zaidi, babu na mjukuu wote Abul Walid Muhammad bin Ahmad, wote makadhi wa Cordoba, na babu alifariki 1126 mwaka aliozaliwa mjukuu. Wanazuoni wakasema tu Ibn Rushd Babu na Ibn Rushd Mjukuu, yamekwisha. Anayetajwa kwenye falsafa ni mjukuu.

Mwisho, ukimkuta mtu kakosea kwenye grupu usimwaibishe mbele za watu, mfuate pembeni umpe jina zima na kitabu ulichosoma, wengi wanarekebisha. Na kwa jina lililobaki nusu kwenye karatasi yako, andika pembeni ulipolikuta, kitabu gani ukurasa gani au kaburi lipi, afu wapelekee wazee wa ukoo huo wakiwa bado wapo, maana nisba ya babu yao wao ndo wanaijua.