Kabla hujafuta namba ya mwenzako Wikipedia

Ndugu zangu wa Goma mnaohariri makala za magonjwa ya mlipuko, ukikuta namba tofauti na yako usikimbilie kuifuta. Tazama kwanza inahesabu nini.

Chukua Ebola ya Kivu na Ituri, ile ya 2018 hadi 2020. Mmoja anaandika wagonjwa 3,470, mwingine anamsahihisha: 3,317. Wanafutiana kutwa nzima, na wote wawili wako sawa! 3,317 ni waliothibitishwa na maabara. Ukiongeza 153 ambao dalili na mazingira yao yalielekea Ebola lakini hawakupimwa, unapata 3,470. Vifo 2,287 navyo vimehesabiwa kwenye hiyo jumla kubwa. Kwa hiyo andika namba pamoja na jina lake, chanzo, na “hadi tarehe fulani”. Neno “sasa” linachacha haraka kuliko maziwa.

Uviko-19 ulipoingia nchini, Machi 2020, Ebola ilikuwa bado haijatangazwa kwisha (iliisha 25 Juni), basi angalia usichanganye taarifa za wizara za miezi ile.

Jambo jingine: hariri sehemu moja ndogo, hifadhi, ndipo uende nyingine. Ukifungua ukurasa mzima na umeme wa hapa tunaujua, utarudi ukute watatu wameshapita, na mabadiliko yako yanagongana na yao. Mkibishana, nendeni ukurasa wa Majadiliano. Kwenye muhtasari wa uhariri, yaani pale unapoeleza ulichobadilisha, maneno matano yanatosha.