Kabla ya dripu ya kwanza ya kemo: yaweke haya sawa

Tarehe ya kuanza kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ikishapangwa, swali la kwanza la wengi ni nywele. Hilo hutegemea dawa uliyopangiwa, na zikinyonyoka, kwa kawaida huota tena. Yapo mambo mengine ambayo ukishatundikiwa dripu ya kwanza umeshachelewa.

Muone daktari wa meno, kwa sababu jino bovu lisilokusumbua leo litakusumbua kinga ikishuka. Hakikisha umepimwa homa ya ini aina ya B, maana virusi vilivyolala mwilini miaka mingi vinaweza kuamshwa na matibabu. Kama bado unataka kuzaa, sema mapema: mbegu na mayai huhifadhiwa kabla ya dawa kuanza. Usione haya. Daktari akisahau kuuliza, uliza wewe. Andika dawa zote unazotumia, mitishamba na vitamini ndani yake.

Dawa ya kichefuchefu imezwe kwa saa uliyoandikiwa. Usisubiri tumbo lichafuke, kwa sababu kutapika kukishaanza ni vigumu kukutuliza. Jua pia kwamba ondansetroni, mojawapo ya dawa hizo za kichefuchefu, hufunga choo, hivyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo. Mswaki uwe laini, na mdomo usuuzwe kwa maji yenye chumvi kidogo mara kadhaa kwa siku. Ukipewa doksorubisini, mojawapo ya dawa za kemo, mkojo utakuwa mwekundu kwa siku moja au mbili. Ni rangi ya dawa, usipige kelele nyumba nzima. Ukipewa oksaliplatini, nayo ni dawa ya kemo, kaa mbali na baridi: maji ya friji yanaweza kukubana koo hadi udhani pumzi inakatika, na vidole hufa ganzi ukigusa kitu cha barafu.

Sasa themometa. Nunua, jifunze kuisoma, weka betri za akiba. Hapa sibembelezi mtu.

Shemeji yangu alikuwa kwenye wiki ya pili baada ya dozi. Huo ndio wakati mbaya, kwa kuwa kwa dawa nyingi chembechembe nyeupe za damu, askari wa kinga, hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Jioni akaanza kutetemeka kwa baridi. Nyumbani hapakuwa na kipimo. Wakamgusa paji la uso, wakampa parasetamoli, wakamfunika. Akatoka jasho, homa ikashuka, akaomba na chai. Wote wakalala wakishukuru. Kumbe parasetamoli ilishusha joto tu, vijidudu vikabaki vinatembea kwenye damu. Alfajiri alikuwa anaita watu kwa majina yasiyo yao, mikono ya baridi, presha chini.

Balaa la pili lilikuwa mapokezi. Faili lake lilikuwa hospitali nyingine, na kaka aliyempeleka alijua tu kwamba "anatumia dawa". Wakampima joto, likaonekana la kawaida, wakaambiwa wakae kwenye foleni. Wakakaa. Kilichomwokoa ni kilemba: kilimteleza, nesi aliyekuwa anapita akaona kichwa kitupu, akauliza, "Huyu yuko kwenye kemo?" Hapo watu wakaanza kukimbia. Alipona, lakini alipitia chumba cha wagonjwa mahututi, na dozi zilizofuata zikacheleweshwa.

Kwa hiyo: joto likifika 38, hata saa nane za usiku, piga simu na uondoke nyumbani. Usimeze parasetamoli kabla ya kupima na kuongea na wanaokutibu. Ukitetemeka au kujisikia vibaya ghafla, nenda hata kama kipimo kinaonyesha kawaida, hasa ukiwa unatumia steroidi (dawa za kutuliza kinga ya mwili), kwa kuwa nazo huficha homa. Mlangoni, kabla ya salamu ndefu, sema: "Nipo kwenye kemo, nina homa." Antibiotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja, si baada ya foleni. Beba kadi yenye jina la saratani, majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, na nakala yake awe nayo mtu unayeishi naye.

Wengine siku hizi hawapewi kemo peke yake. Tiba ya kinga, ile iliyowapatia James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, hulegeza breki za kinga ya mwili ili ishambulie uvimbe. Mtaani inasifiwa kuwa "haina madhara". Inayo, ila ni ya aina nyingine. Kinga iliyolegezwa breki inaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini au tezi ya shingo, wiki au miezi baadaye, hata baada ya matibabu kwisha. Ukianza kuharisha, usinunue vidonge vya kufunga tumbo ukanyamaza. Huenda unahitaji steroidi, na haraka. Kikohozi kipya na kuishiwa pumzi ni vivyo hivyo. Kadi yako usiitupe siku ya dripu ya mwisho.

Ukialikwa kwenye utafiti wa dawa mpya, dai karatasi ya maelezo, uisome nyumbani, na ujue unaruhusiwa kujitoa wakati wowote. Anayekuuzia "tiba mpya" bila karatasi na kukuhimiza uache dawa za hospitali, mkimbie.

Mengine ni ya kawaida. Mwenye mafua asalimie kwa simu. Nyama na mayai viive. Ukijikata, osha kwa sabuni na ulichunguze jeraha kila siku. Juisi ya balungi huvuruga baadhi ya vidonge, na mitishamba pia, hata ile ya bibi unayemwamini. Chanjo usichome yoyote kabla ya kuuliza, maana zenye virusi hai hazikufai kwa sasa.