Somo: Kupanga ruti za magari ya taka kwa programu

Wakuu, karibuni. Somo hili ni la yeyote aliyekabidhiwa magari ya taka ya manispaa, mafuta yasiyotosha, na simu zinazolia tangu alfajiri kwamba kizimba fulani (kituo cha kukusanyia taka mtaani) kimefurika. Programu ya kupanga ruti itakusaidia sana, ila siku ya kwanza usiwashe kompyuta. Panda gari.

Hatua ya 1: Zunguka na gari, saa mkononi

Kaa kiti cha mbele wiki nzima, kila siku gari tofauti. Kwa kila kituo andika gari limefika saa ngapi, limeondoka saa ngapi, na limejaa kiasi gani baada ya kupakia. Mimi nilianza na makadirio ya dakika 4 kwa kizimba, kwa kuwa ndivyo nilivyoambiwa gereji. Kizimba cha nyuma ya soko kikatuchukua dakika 14. Kupakia kwenyewe kulikuwa dakika 5. Zilizobaki utingo alikuwa akizunguka kutafuta wenye magari mawili yaliyoegeshwa mbele ya lango. Siku iliyofuata tukaenda kabla ya soko kufunguliwa, tukamaliza kwa dakika 5. Hilo huwezi kulisoma kwenye ramani.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapotafuta faida mahali isipokuwepo. Chukulia una vizimba 40, kila kimoja kina kilo 300: jumla tani 12. Gari linabeba tani 7. Kupakia ni dakika 6 kila kizimba, yaani dakika 240. Mwendo wa kutoka kizimba hadi kizimba, dakika 120. Safari ya dampo, pamoja na foleni ya mizani na kumwaga, ni dakika 75. Tripu mbili ni 150. Siku nzima inakuwa dakika 510, saa 8 na nusu.

Sasa programu ikikupunguzia mwendo wa kati ya vizimba kwa asilimia 15, umeokoa dakika 18. Si haba. Lakini kama gari limekuwa likienda dampo mara 3 kwa sababu ruti zilikatwa kwa mipaka ya kata badala ya uzito wa taka, ukiondoa tripu moja umeokoa dakika 75. Mistari mizuri kwenye ramani isikupumbaze. Chunga tripu za dampo kwanza.

Hatua ya 2: Jedwali la vituo

Kila kituo kiwe na mstari wake: jina, longitudo, latitudo, kilo, ujazo, dakika za kupakia, siku za kuzolewa, saa kinapofikika. Weka uzito na ujazo vyote viwili. Taka zenye mabaki mengi ya chakula, hasa zikilowa mvua, hufikisha gari kwenye kikomo cha uzito kabla halijajaa. Maboksi na plastiki hulijaza likiwa bado jepesi.

Kosa linalowapata karibu wote: simu nyingi huonyesha latitudo kwanza, wakati OSRM (programu ya kutafuta njia barabarani), VROOM (programu ya kupanga ruti) na faili za GeoJSON (za data za ramani) hutaka longitudo kwanza. Ukizigeuza, kituo chako kitahamia nchi nyingine kabisa. Na seli tupu ikisomwa kama sifuri na sifuri, gari litatumwa Ghuba ya Guinea, baharini. Kabla ya hatua nyingine yoyote, mwaga vituo vyote juu ya ramani ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani, na uangalie kwa macho.

Hatua ya 3: Sahihisha barabara

Programu hizi husoma barabara kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure unayoweza kuihariri mwenyewe. Ihariri kweli. Daraja lisilobeba lori, nyaya zinazoning'inia chini, lango linalofungwa usiku, njia ya kuelekea upande mmoja: visipokuwa kwenye ramani, kwa programu havipo. Angalia pia aina ya gari uliyochagua. Mipangilio inayokuja na OSRM ni ya gari dogo, baiskeli na mtembea kwa miguu. Openrouteservice, huduma nyingine ya kutafuta njia, ina ya malori. Ukiacha ya gari dogo, kompakta yako (gari linaloshindilia taka) itapitishwa vichochoroni.

Hatua ya 4: Eleza kazi kwa programu

Kwa nini usipange kwa kichwa? Vituo 15 tu vina mpangilio unaowezekana zaidi ya trilioni 1.3. Hata kompyuta haijaribu yote; inatumia njia za mkato kupata jibu zuri, si lazima liwe bora kuliko yote. Tatizo lenyewe liliandikwa kihesabu na Dantzig na Ramser mwaka 1959 kwa ajili ya malori ya mafuta, na kufikia 1974 Beltrami na Bodin walishalipeleka kwenye taka za manispaa. Kwa hiyo usidanganywe na muuzaji anayekuja na maneno ya uvumbuzi wa jana.

Mimi natumia VROOM. Anayejua kuandika msimbo kidogo atafurahia OR-Tools, zana za bure za Google za kazi hiyo hiyo. Kwenye VROOM kumbuka haya:

- Muda ni kwa sekunde. Dakika 6 ni 360. Ukiandika 6, programu itaamini wazoaji wako wanapakia kilo 300 kwa sekunde 6.
- Mzigo uandikwe kama wa kuchukuliwa, si wa kupelekwa. Ukikosea, gari linatoka gereji limejaa na kugawa taka mtaa kwa mtaa.
- Gereji na dampo si mahali pamoja. Gari moja ligawe kama magari mawili: la asubuhi linaanzia gereji na kuishia dampo, la mchana linaanzia dampo, saa zao zisigongane. Mwendo wa mwisho wa kurudi gereji usiusahau.

Weka na mapumziko ya wazoaji. Ratiba isiyo na dakika ya kunywa maji itavunjwa siku hiyo hiyo, na kwa haki.

Hatua ya 5: Mkalishe dereva mezani

Chapisha ruti, mpe dereva na kalamu nyekundu, nyamaza. Atakapokwaruza, muulize sababu na uiingize kwenye jedwali au ramani, kisha endesha upya. Kwetu ilichukua raundi 4. Usibadilishe ruti kwa mkono baada ya programu kutoa jibu. Kesho ukiendesha upya marekebisho yote yatapotea.

Hatua ya 6: Jaribu gari moja, wiki mbili

Linganisha kilomita kwa kila tani, lita za mafuta, saa ya kurudi gereji, na vizimba vilivyorukwa. Hicho cha mwisho ndicho wananchi wanachokiona.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mkuu, shukrani kwa darasa. Magari yetu hayana GPS. Tusubiri bajeti?*

Msisubiri. Simu ya utingo yenye OsmAnd, programu ya ramani ya simu, inarekodi njia yote na kuitoa kama faili ya GPX. Mpatie chaja ya gari tu, maana kurekodi kunamaliza betri.

*Swali: Sisi tunazoa mlango kwa mlango, nyumba 9,000. Niweke nukta 9,000?*

Hapana. Hapo kituo si nyumba, ni kipande cha barabara. Ni tatizo la tarishi anayetaka kupita kila mtaa bila kurudia njia bure, alilolieleza mwanahisabati Mchina Kwan Mei-Ko zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kama programu yako inajua nukta tu, weka nukta moja kwa kila kipande kati ya njia panda mbili, ujumlishe kilo na dakika za nyumba zake. Kwenye barabara pana, kila upande uwe na nukta yake, wazoaji wasikatize katikati ya magari. OSRM ina chaguo la kulifikisha gari likiwa upande wa ukingo wa kituo.

*Swali: Vipi vile vidude vya kupima pipa limejaa kiasi gani? Tunashawishiwa tununue.*

Vinafaa kwa makontena makubwa yanayojaa bila mpangilio. Kizimba kinachojaa kila siku hakihitaji kidude, unajua tayari kimejaa. Anza na utingo kuandika robo, nusu, kimejaa, kwa miezi miwili. Baada ya hapo utaona ni makontena mangapi hasa hayatabiriki.

*Swali: Ruti mpya ni fupi lakini dereva mmoja anarudi saa 7 mchana, mwenzake saa 11 jioni. Wameanza kununiana.*

Programu imefanya ulichoiomba: imepunguza jumla, haikuambiwa igawe sawa. Punguza saa za mwisho za kazi za kila gari mpaka mzigo ulazimike kuhamia kwa mwenye nafasi. Jumla itaongezeka dakika kadhaa. Zilipe.