Kabla hujajiandikisha mbio za sledi za mbwa, soma hii kwanza

Nianze na swali ambalo kila mtu anauliza: mtu wa kutoka kwetu anaweza mbio hizi za kuvutwa na mbwa kwenye theluji, umesimama juu ya sledi (kigari kisicho na magurudumu, kinateleza)? Anaweza. Newton Marshall ni Mjamaika, alimaliza Yukon Quest 2009, mbio ndefu za sledi zilizokuwa kati ya Alaska na Kanada, na mwaka uliofuata akamaliza nyingine kama hizo, Iditarod, kwa hiyo ile habari ya sisi watu wa joto tuiache. Ila Marshall alikaa huko huko kwenye baridi akajifunza kwa Hans Gatt na Lance Mackey waliokuwa mabingwa wa mbio za sledi, hakushuka kwenye ndege akapanda sledi. Na wewe usifanye hivyo. Iditarod yenyewe ni karibu kilomita 1,600 kule Alaska na hawakupokei mpaka umalize mashindano madogo ya kufuzu, sasa anza na hayo madogo, na kabla ya hayo nenda kafanye kazi kwa mtu anayefuga mbwa, uokote kinyesi, upike, ulishe, msimu mzima. Mbwa wasiokujua hawakusikilizi, hata upige kelele jii (kulia) na ho (kushoto) mpaka sauti ikauke.

Nguo: pamba acha nyumbani, hata chupi. Ndani sufu au sintetiki, katikati kitu cha joto, nje kitu cha kuzuia upepo. Ukianza kutoka jasho fungua zipu, usingoje, jasho likilowesha nguo ukisimama tu linageuka barafu mgongoni.

Buti nunua kubwa. Watu wanavaa soksi nne kwenye buti iliyobana alafu wanashangaa vidole vimekufa ganzi, damu ipite wapi?

Betri za tochi ya kichwani kaa nazo ndani ya nguo karibu na mwili, kwenye baridi zinaisha kabla hujajua. Chuma usishike na mkono mtupu. Mafuta ya jiko la kuyeyushia theluji ndio kabisa, yale hayagandi, yaani nje ikiwa nyuzi -40 na yenyewe yako -40 bado maji maji, yakikumwagikia mkononi ngozi inaganda hapo hapo.

Mbwa: kila mmoja anakula kalori elfu kumi na zaidi kwa siku kwenye mbio ndefu, kwa hiyo mafuta, nyama, samaki, usibanie. Maji matupu wengi hawanywi kukiwa na baridi, unatia vipande vya nyama ndani ndio wanayanywa wakifuata ladha. Viatu vyao (vile vya kitambaa) ukiwa na mbwa 14 hiyo ni miguu 56, na vinachanika na kuchomoka ovyo, usikaze ule mkanda sana na ukisimama kupumzika wavue, mguu wa mbwa nao unahitaji damu.

Sasa hili la glavu na nanga nisikilizeni vizuri kwa sababu hakuna aliyeniambia, nimeliona.

Kuna kijana tulikuwa tunafanya naye kazi ya kulisha mbwa, mchapakazi kweli, akaingia mbio fupi na mbwa sita tu. Siku hiyo ilikuwa chini ya -35, mi nilikuwa kituoni, pale washindani wanaposimama kupumzika, nachemsha maji. Njiani akaona mbwa mmoja wa mbele kiatu kimemchomoka. Akasimamisha, akakanyaga nanga, ile ndoano ya chuma ya kushikilia sledi isiondoke, ila alikuwa juu ya theluji mpya, laini kama unga, na theluji ya hivyo haishiki kitu. Akaona glavu kubwa zinamsumbua kufunga kamkanda kale, akazivua akaziweka juu ya mzigo kwenye sledi. Akaenda mbele akainama. Mara kundi jingine likabweka nyuma, mbwa wake wakaruka, nanga ikang'oka, sledi ikampita ubavuni akaikosa. Ndio basi. Zimeondoka glavu, kiberiti, shoka, chakula, begi la kulalia, kila kitu, amebaki katikati ya mto ulioganda na vile viglavu vyembamba vya ndani.

Mbwa hawarudi jamani. Wanapenda kukimbia, wakiona mzigo umepungua ndio wanaongeza mwendo.

Aliyekuwa anamfuata akamkuta anatembea ameweka mikono kwapani, akampakia. Mbwa watu wa kujitolea waliwadaka kwenye kivuko cha barabara, wazima wote, mshukuru Mungu kwa hilo maana wangeweza kunasana kamba wakaumizana au wakutane na musi (mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu) katikati ya njia, na yule mnyama ana kilo mia kadhaa na hapishi mtu. Kijana alivyoingia kituoni vidole vilikuwa vyeupe na vigumu, hasikii maumivu, anacheka hata. Maumivu yalikuja vilipoanza kupata joto, tulimsikia. Alafu malengelenge, alafu vikawa vyeusi, na daktari hakati haraka, anangoja wiki na wiki aone nyama gani itapona. Leo vidole viwili ni vifupi.

Kwa hiyo: glavu kubwa zifungwe kamba ipite shingoni, ukizivua zinaning'inia, haziendi popote. Watu watakucheka unafanana na mtoto wa chekechea, wacheke. Nanga tumia mbili, na kama kuna mti funga na kamba kwenye mti. Mkono mmoja kwenye sledi muda wote unaoweza, ukianguka shikilia uburuzwe. Na kiberiti, kisu, glavu za akiba, kitu cha kula, hivyo vikae mifukoni mwako sio kwenye mzigo.

Mengine ni ya kawaida. Mto ulioganda usiuamini, kuna maji yanapanda juu ya barafu yanajificha chini ya theluji, ukilowa miguu simama ubadilishe saa hiyo hiyo, usiseme nitabadilisha kituoni. Pombe hapana. Mwenzako akiacha kutetemeka wakati bado ana baridi, au anaanza kuongea ovyo na kuvua nguo, huyo ana hali mbaya, usimwache aendelee. Kidole kikiganda usikisugue na theluji, wazee wa zamani walikuwa wanasema hivyo na inaharibu zaidi, na usikiyeyushe kama bado uko njiani na kinaweza kuganda tena. Na ukifika kituoni hata uwe umechoka vipi mbwa wanakula kwanza, watandikie majani makavu, waangalie miguu mmoja mmoja, daktari wa mifugo akikwambia huyu abaki basi anabaki, usibishane naye.